Dola 500 za Massachusetts na hamali wa Malindi

Tukisikia serikali ya ng'ambo imewapa pesa watu waliobaki kazini wakati wa korona, sisi huku tunaanza kupiga hesabu ni shilingi ngapi na kusema wenzetu wanaishi. Mimi sikushikwa na kiwango, nilishikwa na vile walivyowapata hao wa kupewa.

Binti ya khalati yangu yuko Marekani, jimbo la Massachusetts, kazi yake kuhudumia wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Korona ilipoingia 2020 watu wa ofisi waliambiwa fanyeni kazi nyumbani kwa kompyuta, sasa yeye bibi wa watu atamgeuza kwa kompyuta? Akawa anaenda tu. Halafu Machi 2022 posta ikamletea cheki ya dola 500, na hakuomba, hakujaza fomu, wala hakuwa na mjomba serikalini.

Ilivyokuwa ni hivi, 2021 serikali ya Biden ilizipa serikali za majimbo mapesa mengi ya kujiokoa na korona na ikaruhusu sehemu yake waongezewe wafanyakazi waliobaki kazini. Massachusetts wakatenga dola milioni 460, gavana wao Charlie Baker akatia sahihi Desemba 2021, na awamu ya kwanza wakapata watu kama laki tano. Kuwatafuta walifungua tu rekodi za kodi za 2020: je kazi ilikuingizia angalau dola 12,750 mwaka ule (yaani kima cha chini cha huko wakati ule, dola 12.75 kwa saa, kwa mtu wa masaa 20 kwa wiki, wiki 50), je mapato ya nyumba yenu yako chini ya mara tatu ya kiwango chao cha umaskini, na je hukuchukua pesa ya wasio na kazi. Ukipita hapo cheki inakuja. Jimbo lingine, Minnesota, walifanya vingine, wao mtu aombe mwenyewe, wakatokea zaidi ya milioni moja, dola milioni 500 zikagawanywa sawa kila mtu akapata 487 na senti 45. Hizo senti 45 zinanichekesha mpaka leo.

Ni kidogo, na zilichelewa, miaka miwili baada ya hatari yenyewe. Binti ya khalati mwenyewe anasema angependa mshahara uongezwe kuliko asante ya mara moja, na simlaumu.

Haya, rudi Malindi, huku pwani ya Kenya. Machi 2020 serikali yetu ilisema anayelipwa mpaka shilingi 24,000 kwa mwezi asikatwe kodi ya mshahara. Nzuri, lakini lazima kwanza uwe na peslipu! Aprili kaunti yetu nzima ya Kilifi ikafungwa mpaka mwanzo wa Juni, hakuna kuingia hakuna kutoka, mahoteli ya Wataliano kimya, kafyu juu yake, lakini malori ya chakula yaliruhusiwa kupita. Sasa hayo malori nani aliyapakua? Hamali wa sokoni, jasho na barakoa ya kitambaa, gunia mgongoni, anapumuliana na dereva aliyetoka mbali huko, na jioni analipwa mkononi. Wallahi yule alikuwa mtu muhimu kuliko sisi wengi tuliokuwa ndani tunahesabu wagonjwa kwa tivii, na hakuna karatasi popote inayosema alifanya kazi siku ile.

Mtaniambia kulikuwa na Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua. Ndio, na vijana walikula, shilingi 455 kwa siku ile awamu ya pili, kufagia na kuzibua mitaro. Lakini ile ilikuwa kazi mpya ya kumpa asiye na kazi, haikuwa shukrani kwa aliyekuwa kazini tangu mwanzo. Ni vitu viwili.

Na msiniambie watu wetu hawajulikani. Wavuvi wana daftari la BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo wao, bodaboda kila steji ina mwenyekiti na majina yake, muuza mboga analipa ushuru wa soko. Wakati wa kutoza wanaonekana vizuri sana. Hamali ndio sijui ataingilia daftari gani, labda soko lenyewe liwaandike, jina na namba ya simu basi, maana M-Pesa iko na wala hatuhitaji cheki ya posta. Na waandikwe saa hii, mambo yakiwa yametulia, kwa sababu ugonjwa ukishaingia orodha huwa inaandikwa na mwenye jamaa wengi.