Jana Mkunguni, watoto wa vita

Jamani jana jioni sisi vijana wa mtaa tulikaa pale Mkunguni, Lamu, mbele ya ngome na mabango yetu, ya watoto waliokimbia vita Sudan. Vita ile imeanza tarehe 15 Aprili 2023 na UNICEF wenyewe wanasema hakuna nchi duniani ilo na watoto wengi waliohamishwa kuliko hiyo, lakini huku kwetu husikii mtu akiizungumzia, wallahi inaniuma.

Watu walipotoka kuswali alasiri wakaanza kusimama. Akaja bibi mmoja wa Kibajuni, akavuta buibui lake akainama akawa anaangalia picha moja moja, kisha akatwambia yeye alitoka Kismayu, Somalia, 1991 kwa jahazi, mtoto mgongoni na mwengine kamshika mkono, wamekula tende na maji tu mpaka wakafika. Akauliza, "Na hawa wanangu, wasomea wapi?" Tukamwambia wengi hawasomi, skuli zimefungwa, nyengine ndo watu wamejihifadhi mule mule. Akakaa kitako na sisi mpaka magharibi, kila anayepita anamwita, "Njoo usikize maneno ya vijana hawa!" Mashallah, alivuta watu kutushinda sote.

Ijumaa ijayo tunapeleka mabango Shela inshallah. Na tusisahau kambi ya wakimbizi ya Dadaab ni hapo Garissa tu, kuna watu wamezaliwa kambini na sasa wana watoto wao humo humo. Mwenye spika ya kuazima aniinboksi.