Nilivyoondoa programu za kraki steshenari kwangu, benchi la nje likibisha

Kompyuta za steshenari yangu hapa Msamvu, Morogoro, zote ni za mtumba, na zote zilikuwa na Windows 10 iliyopigwa na fundi kwa flashi ile ile anayozunguka nayo mji mzima. Office nayo ilikuwa ya kraki, yaani iliyovunjwa kufuli isilipiwe leseni. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza. Mteja wa steshenari anataka CV yake itoke, barua ya maombi ya kazi isikatwe pembeni, alipe aondoke.

Nisijisifu: kilichoniamsha si dhamira, ni tarehe. Microsoft walitangaza kwamba Windows 10 haitahudumiwa tena baada ya tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa za miaka ya karibuni na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, kitu ambacho mashine zangu hazikijui. Kubaki na mfumo usiozibwa matundu, huku flashi za kila mpita njia zikichomekwa kutwa nzima, niliona ni kujitafutia balaa. Kununua mashine mpya, hela sina. Nikaamua kuhamia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, toleo la Xfce ambalo halina tamaa ya memori.

Kuhama kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko kulieleza benchi. Nje ya duka langu kuna benchi, na benchi lina wenyewe: fundi, Mwalimu mstaafu wa Jiografia anayeandika na kuuza vitini, na kijana anayesoma sheria Mzumbe. Habari ilipowafikia, fundi ndiye aliyeanza.

"Dada, unakimbia nini? Mimi nikinakili Windows, mwenyewe bado anayo. Wizi gani huo ambao aliyeibiwa hajapungukiwa?"

Mwalimu akamuunga mkono. Kampuni tajiri vile, alisema, haitalala njaa kwa ajili ya kompyuta za Msamvu.

"Sawa, Mwalimu," nikamwambia. "Kuna mwanafunzi kaleta kitini chako, anataka nimtolee kopi za darasa zima. Nimtolee? Wewe chako si bado unacho?"

Alisimama. "Kile nimekitolea jasho!"

"Na walioandika Office walitoa nini, Mwalimu?" fundi akadakia. "Mate?"

Yaani fundi alisahau yuko upande gani, mradi tu kapata la kusema. Ndiyo raha ya benchi lile. Kijana wa sheria akatuliza kwa kutukumbusha kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imezitaja programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine, kwa hiyo kitini cha Mwalimu na Office ya fundi vimekaa kifungu kimoja, kimoja kikiguswa na kingine kimeguswa.

Ubishi wenyewe ni mkongwe. Mwaka 1976 Bill Gates, akiwa na miaka 20 tu, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta waliokuwa wakinakili BASIC, programu ambayo yeye na wenzake waliiandikia kompyuta ya Altair, bila kulipa. Aliwaambia wengi wao wanaiba, na kwamba ukigawanya mapato kwa muda walioutumia kuiandika, saa moja haikufika dola mbili. Niliposimulia hilo, Mwalimu alimwonea huruma Gates kwa mara ya kwanza maishani.

Lakini hadithi iliyolinyamazisha benchi ni ya mwanaprogramu Richard Stallman, kwa sababu inaanza na karatasi kukwama kwenye printa. Pale MIT, chuo cha Marekani, maabara yao ilikuwa imepewa printa ya leza ya Xerox. Ilikuwa ikikwama, na watu walioko ghorofa nyingine hawajui, wanasubiri kazi isiyotoka. Printa ya zamani Stallman aliwahi kuibadilishia programu ili impe mtu taarifa. Hii mpya alitaka kuifanyia hivyo hivyo, akaambiwa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, hautolewi. Alimfuata mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akanyimwa kwa sababu yule alikuwa ametia saini ya kutunza siri. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo huru wa kompyuta, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza programu. Linus Torvalds aliiandika Linux, kiini cha Mint yangu, mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni hiyo. Yeyote aliyewahi kufungua tumbo la printa huku mteja anaangalia saa, basi la Dodoma linapiga honi, hahitaji kuelezwa kwa nini mtu anaweza kukasirika kiasi cha kuanzisha harakati.

Sasa kazi yenyewe. Sikufuta kitu siku ya kwanza. Nilipakua Mint, nikaiweka kwenye flashi, nikawasha mashine moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Nikajaribu printa, skana na Wi-Fi. Printa moja iligoma mpaka nilipoitafutia draiva yake. Nyingine zilijitambulisha zenyewe. Baada ya hapo ndipo nikahamisha faili za wateja kwenye diski ya nje na kuanza kupiga mfumo mpya, mashine moja moja, nikiiacha ya kaunta iwe ya mwisho.

Jambo lililoniokoa ni fonti. Hati nyingi za Word zinakuja kwa Calibri, Cambria au Times New Roman, na fonti ikikosekana kurasa zinavurugika: CV ya kurasa mbili inakuwa ya kurasa tatu, na jina la mdhamini linabaki peke yake ukurasa wa mwisho. Kuna fonti huru zenye upana ule ule wa herufi. Carlito inakaa mahali pa Calibri, Caladea mahali pa Cambria, Liberation Serif mahali pa Times New Roman. Hakikisha zimo kabla hujafungua faili ya mteja hata mmoja kwenye LibreOffice, programu ya bure inayokaa mahali pa Office.

Kilichonitoa jasho ni kadi za harusi. Watu wanazitengeneza kwa Publisher. LibreOffice Draw inafungua faili hizo, ila maua yanahama na jina la bwana harusi linaweza kumkalia bibi harusi kichwani. Siku hizi namwomba mteja alete PDF, au naichora upya kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchora, na kulipisha kazi hiyo. Mwenye karatasi la Excel lenye makro nzito (amri zinazojiendesha) za matokeo ya shule namwelekeza kwa jirani. Sioni aibu.

Virusi vya flashi, vile vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato, vikifika kwangu vinakuwa takataka tu. Mint inayaonyesha mafaili yaliyofichwa, na kile kirusi cha Windows hakijiwashi. Fundi mwenyewe alianza kunitumia wateja wa "mafaili yamepotea".

Nilidhani hilo litamgeuza. Wapi! Kilichomgeuza ni hela. Aliamini programu ya bure ni mwisho wa kazi yake, maana atalipisha nini? Nikampa GPL aisome. Inamruhusu kutoza bei yoyote anayotaka kwa nakala au kwa kazi ya kuiweka. Sharti ni kwamba anayeipokea apate haki zile zile, pamoja na msimbo. Stallman mwenyewe mwaka 1985 alikuwa akiuza kanda za programu yake ya Emacs kwa dola 150. Fundi aliuliza mara mbili kama ni dola kweli. Sasa anapiga Mint kwa bei ile ile aliyokuwa akipigia Windows ya kraki. Ila mfumo wake mdogo wa kurekodi mauzo, aliouza kwenye maduka ya dawa, bado ameufunga kwa nenosiri, na akisikia duka limempa jirani nakala, hapati usingizi. Hapo Mwalimu humkumbusha kwamba nakala yake mwenyewe si bado anayo.

Mwalimu naye aliviweka vitini vyake chini ya leseni ya Creative Commons, ile inayoruhusu kunakili mradi jina la mwandishi litajwe na isiwe biashara. Ubishi ukanigeukia mimi: ninapotoza hela ya kopi, si nafanya biashara? Kijana wa sheria alileta kesi ya Marekani, Great Minds dhidi ya FedEx Office, ambapo mwaka 2018 mahakama ya rufaa ilisema duka linalotoa kopi kwa kuagizwa na shule yenye haki hiyo halivunji leseni kwa sababu tu linalipwa.

"Mahakama hiyo iko New York," Mwalimu akasema. "Sisi tuko Msamvu."

Tukapatana bila mahakama. Mwanafunzi anayejitolea nakala yake analipa karatasi tu. Shule ikitaka za darasa zima, nampigia Mwalimu simu kwanza na kila kitini kina shilingi zake hamsini. Sasa wanabishana kuhusu mwanafunzi aliyepiga picha kitini kizima kwa simu akaja niprinti: je, huyo naye anahesabiwa?