Usiku wa Lukaya

Mjukuu wangu anajiandaa na mtihani wa historia. Juzi alinisomea kwenye daftari lake kwamba Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo, ilitawanyika pale Lukaya, Uganda, kwenye vita vya Kagera. Akainua macho: "Babu, si ndiyo brigedi yako? Mlikimbia kweli?"

Kweli, wengi walikimbia. Ila daftari limeishia njiani, na jambo hilo limeniuma.

Tulikuwa watu wa jembe na nyavu. Amin alipovamia Kagera Oktoba 1978, Mwalimu akatangaza vita, sisi tuliozoea kupiga kwata jioni kijijini na bunduki za mbao tukavishwa magwanda, tukapewa SMG. Kufikia Machi tulikuwa tumeipita Masaka chini ya kamanda wetu Imran Kombe, tukishika barabara ya Kampala inayokatiza kwenye kinamasi. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kupigana.

Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakafyatua roketi za Katyusha. Makombora yalipita juu yetu yakaangukia nyuma, lakini ule mlio! Ardhi ilitetemeka, watu wakatimka kila upande. Nilijikuta ndani ya mafunjo, maji yakinifika kiunoni. Pembeni yangu alikuwepo kijana mmoja wa Sengerema, mvuvi. Alikuwa ameinua bunduki juu ya kichwa isilowe, na kila baada ya muda aliishusha, akafuta tope kwenye mtutu kwa pindo la shati, taratibu, kisha akaiinua tena. Barabarani tulisikia ngurumo za vifaru. Mbu walitula usoni na hakuna aliyethubutu kuwapiga. Nilitaka sana kuondoka. Nikimtazama anavyofuta ule mtutu, nabaki.

Hatukuwa peke yetu. Huku na huku kinamasini walikuwepo wengine waliobaki, na risasi zao zilisikika usiku kucha. Wakati huohuo Brigedi ya 208 ya jeshi letu ilikuwa inatembea gizani, ikizunguka ili itokee upande wa pili.

Kabla hakujapambazuka viongozi wetu walipita wakitukusanya. Nikaona watu wakichomoza kwenye mafunjo, wengine pekupeku, na baadhi ya waliokimbia jioni wakirudi kwa miguu yao. Kulipokucha tukashambulia kutoka mbele, 208 wakapiga kutoka ubavuni. Walibya wapatao 200 walikufa katika mapigano yale, na Lukaya ikawa yetu. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Aprili, Kampala ilianguka. Vita vilipokwisha, wengi wetu tulirudi shambani.

Hao waliorudi ndio ninaowataka kwenye daftari. Hawakuwa wanajeshi wa kudumu, na gizani hakuna ambaye angewaona wakishika njia ya Masaka. Nini kiliwageuza, sijapata jibu. Nilimuuliza yule mvuvi tukiwa njiani kwenda Kampala, akasema, "Wenzetu si walikuwa bado mle majini?" Akaendelea kutembea.