Utafiti Upi Usimame na Upi Uendelee: Tuliyopaswa Kuyaandika Kabla ya Machi 2020

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe kwa awamu, na vyuo vikuu viwe vimefungwa kufikia Ijumaa ya tarehe 20. Agizo hilo lilimfikiria kwanza mwanafunzi: bweni lililojaa, ukumbi wa mihadhara, foleni ya chakula. Wanafunzi walifunga mizigo wakaondoka, lakini utafiti haufungwi kwa kufuli. Kila chuo kililazimika kujiamulia, ndani ya siku tano, kazi ipi isimamishwe, ipi iendelee, na nani aingie langoni. Vingi havikuwa na maandishi yoyote ya kuviongoza, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika, kwa sababu miaka imepita na bado sioni maandishi hayo katika idara nyingi ninazozifahamu.

Nianze kwa kusema wazi kwamba kupunguza shughuli za utafiti kulikuwa jambo la haki. Wengi wetu tunaofanya utafiti wa afya huenda vijijini, tukaingia nyumba hadi nyumba, tukaketi na wazee sebuleni, tukatoa damu watoto, kisha tukapanda gari kuelekea kijiji kinachofuata. Wakati ule maambukizi yalikuwa yameanza kuonekana Nairobi na Mombasa, na gari la watafiti lililotoka mjini lingeweza kuwa ndilo linalopeleka ugonjwa mahali ambapo haujafika. Mshiriki anapotia sahihi fomu ya ridhaa hukubali hatari tulizomweleza; hakuna fomu iliyomweleza kwamba mgeni mwenye kalamu na kishikwambi angeweza kumletea virusi ambavyo wakati huo havikuwa na chanjo wala tiba. Kwa hiyo ziara za nyumbani zilipaswa kusimama hata kabla ya serikali kutamka.

Ugumu unaanza unapoingia ndani ya maabara. Mimi nimefanya kazi na mbu kwa muda mrefu, basi nitoe mfano ninaoujua. Chumba cha kufugia mbu hukaa na joto na unyevu wakati wote. Viluwiluwi vimo ndani ya mabeseni, na hupewa kila siku chakula cha samaki kilichosagwa, kidogo kidogo, kwa maana kikizidi maji huchafuka na vyote hufa. Mbu wakubwa wamo ndani ya vizimba vya neti, wakinyonya maji ya sukari kwenye pamba, na majike hayatagi bila kupata damu. Mbu aina ya Aedes, wanaoeneza dengue, hutaga mayai yanayoweza kukaushwa juu ya karatasi na kuhifadhiwa kwa miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa yanaporudishwa majini. Anayewafuga anaweza kufunga mlango akaenda nyumbani. Anopheles wa malaria hawako hivyo: mayai yao hayavumilii ukavu wa muda mrefu, na kizazi kimoja kisipohudumiwa, ukoo mzima uliofugwa kwa miaka, ambao usugu wake dhidi ya dawa umepimwa na kurekodiwa, umekwisha. Vyumba viwili katika jengo moja, na kila kimoja kinahitaji uamuzi wake.

Ukitazama kwa jicho hilo, utaona kwamba sifa ya mtafiti au ukubwa wa ruzuku yake si kipimo kinachofaa. La kuuliza ni kitu gani kitaharibika kazi ikisimama, na kama kinaweza kurudishwa. Seli zinazokuzwa zinaweza kugandishwa taratibu na kuwekwa katika nitrojeni kimiminika, mradi kuwe na mtu wa kuongeza nitrojeni hiyo kabla haijakauka. Sampuli zilizo katika friza za nyuzi themanini chini ya sifuri hazihitaji mtafiti, ila zinahitaji mtu atakayesikia king'ora umeme unapokatika na kuhakikisha jenereta ina dizeli. Uchambuzi wa takwimu unaweza kufanyiwa nyumbani. Mgonjwa aliye katikati ya jaribio la dawa haachwi hata kidogo: apelekewe dawa, apigiwe simu, na daktari wa jaribio abaki akipatikana.

Hapo ndipo tunapomkuta mtu ambaye hatajwi mara nyingi katika mijadala hii. Anayelisha viluwiluwi, anayesafisha vizimba vya panya, anayeongeza nitrojeni, kwa kawaida si profesa. Ni mhudumu wa maabara, mara nyingi wa mkataba mfupi, anayekuja kwa matatu. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ni yeye aliyehitaji barua ya kumwonyesha askari. Tunaposema kazi fulani ni ya lazima, tunasema kwamba mtu huyu ni wa lazima, na hatuna ruhusa ya kulisema hilo bila kumpa barakoa, usafiri, bima, na haki ya kukataa ikiwa nyumbani kwake kuna mgonjwa au mzee. Maprofesa waliosisitiza maabara zao zibaki wazi huku wao wenyewe wakishiriki mikutano kwa video wangepaswa kuulizwa kwanza kama wamempa mhudumu wao hayo yote.

Kupunguza utafiti pia kuna upande wa kuongeza, na hapa nadhani kuna funzo lililo karibu nasi. Nchini Uingereza majaribio mengi ya kitabibu yalisimamishwa ili wauguzi na madaktari wa utafiti waelekezwe katika machache ya dharura. Mojawapo, jaribio la RECOVERY lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, lilitangaza tarehe 16 Juni 2020 kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa takribani theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kwetu, watafiti wa Kilifi hawakuhitaji kubisha hodi kwa mtu yeyote: walipima kingamwili, yaani alama ambazo mwili huziacha kwenye damu baada ya kuambukizwa, katika sampuli 3,098 za wachangiaji damu, zilizokusanywa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakakadiria kwamba asilimia 4.3 ya watu wa rika la wachangiaji damu nchini walikuwa tayari wameambukizwa, wakati visa vilivyothibitishwa rasmi vilikuwa maelfu machache tu. Damu hiyo ingekusanywa vyovyote vile kwa ajili ya hospitali. Huo kwangu ni utafiti ulioelewa dharura.

Sina furaha kama hiyo kuhusu mahojiano ya simu yaliyochukua nafasi ya ziara. Yalitusaidia, lakini mwanamke anayetumia simu ya mumewe hajibu maswali kuhusu ujauzito au ugomvi wa nyumbani kwa uhuru, na asiye na simu kabisa hutoweka katika takwimu bila yeyote kumkosa. Yapo maswali ambayo ni afadhali yangoje.

Wengine nao walingoja bila kuulizwa. Mwanafunzi wa uzamivu aliyepoteza msimu wa mvua za masika hakupoteza miezi mitatu tu, alipoteza mwaka, kwa kuwa msimu wenyewe haurudi hadi mwaka unaofuata, na karo ya mwaka huo ni juu yake. Wasaidizi wa utafiti wanaoajiriwa vijijini kwa malipo ya siku waliacha kulipwa siku ile ile magari yalipoacha kwenda, ingawa fedha za mradi zilikuwa bado kwenye akaunti. Kamati za maadili hutudai maelezo marefu kuhusu namna tutakavyomlinda mshiriki kabla hazijatupa kibali, nazo zina haki. Ningependa zidai pia ukurasa mmoja unaoonyesha mradi utapunguzwaje ndani ya saa 48, nani atabaki kazini na kwa ulinzi gani, na wasaidizi wa vijijini watalipwa kwa muda gani baada ya kazi kusimama, huku fungu la malipo hayo likiwa limeshatengwa katika bajeti.