Kumbukumbu ya mradi: diski ya mashine pepe inayotunza picha za zabibu

Machi, wiki ya pili

Mashine pepe ninayoizungumzia, yaani kompyuta inayoigizwa na programu na ambayo diski yake ni faili tu, inaishi ndani ya kompyuta ya mkononi ya zamani, iliyowekwa juu ya kabati la vyombo hapa nyumbani Area C, Dodoma. Inaendeshwa na programu ya VirtualBox, ndani yake kuna mfumo endeshi wa Ubuntu Server, na kazi yake ni moja tu: kupokea picha ambazo mama mdogo huzipiga katika shamba lake la zabibu kule Hombolo, ili tuweze kulinganisha dalili za ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe) kwenye majani msimu hadi msimu. Mizabibu ya huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo picha zimerundikana upesi kuliko nilivyokadiria.

Jana jioni alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza moja kwa moja: "Mwanangu, mbona picha zangu za leo zinakataa kuingia?" Nilipoandika amri ya df, inayoonyesha nafasi iliyotumika, nikakuta mfumo wa faili umejaa kwa asilimia 100, jambo lililonishangaza, kwa sababu diski niliiundia gigabaiti 25 na picha zote hazikufika hata 10.

Jibu lilitolewa na amri ya lsblk, inayoorodhesha diski na sehemu zake. Diski ilikuwa na gigabaiti 25, patisheni (sehemu ya diski) ya tatu ilikuwa na 23, lakini volyumu ya LVM (mpango wa kugawa nafasi ya diski) iliyobeba mfumo mzima ilikuwa na 11.5 pekee. Kumbe kisakinishi cha Ubuntu Server, kinapotumia LVM kwenye diski ya ukubwa huo, huchukua nusu ya nafasi na kuiacha nusu nyingine bila kazi, ili mwenye mashine aamue mwenyewe baadaye. Mimi siku ya kusakinisha nilibonyeza tu "endelea" hadi mwisho. Nikaipa volyumu nafasi yote iliyosalia kwa lvextend, nikatanua mfumo wa faili kwa resize2fs bila hata kuizima mashine, kwa kuwa ext4, aina ya mfumo huo wa faili, hukubali kutanuliwa ikiwa kazini.

Julai, Jumamosi

Nafasi imekwisha tena, na safari hii hakuna nusu iliyofichwa. Nilizima mashine pepe, nikaandika amri ya VBoxManage modifymedium pamoja na ukubwa mpya wa 61440, kwani amri hiyo huhesabu kwa megabaiti, na 61440 ni sawa na gigabaiti 60. Ningeweza kuandika kubwa zaidi, maana faili la diski ya aina hii hukua kadiri data inavyoandikwa, ila sikutaka kumwahidi mgeni (mashine pepe) nafasi ambayo mwenyeji (kompyuta halisi) hana.

Amri ilikubali bila kulalamika. Nikawasha mashine, nikaita lsblk: gigabaiti 25, vilevile. Nilipoteza karibu saa nzima nikidhani nimekosea njia ya faili, hadi nilipokumbuka kwamba mwezi Mei nilihifadhi snapshoti, yaani hali ya mashine ya wakati huo ya kuweza kurudia, kabla ya kusasisha mfumo. Tangu siku hiyo mashine ilikuwa ikiandika kwenye faili la tofauti lililopachikwa juu ya diski ya msingi, nami nilikuwa nimeipanua ile ya msingi, huku faili la juu likibaki na kipimo chake cha zamani. Ni kama kuongezewa kiwanja upande wa nyuma huku ukuta ukiwa palepale.

Sikuthubutu kuunganisha mafaili ambayo vipimo vyake tayari vilikuwa vimetofautiana. Badala yake nilinakili hali ya sasa ya diski kwa clonemedium, ikapatikana diski moja kamili isiyo na snapshoti, nikaipanua hiyo na kuifunga kwenye mashine mahali pa ile ya awali. Kunakili kulichukua muda, na nilihakikisha kwanza betri imejaa, kwani umeme kukatika katikati ya kazi ya namna hii ni balaa.

Safari hii lsblk ilionyesha 60. Kilichobaki kilikuwa kutembea kutoka nje kwenda ndani, tabaka kwa tabaka: patisheni kwa growpart, kisha nafasi ya LVM kwa pvresize, kisha volyumu na mfumo wa faili kwa lvextend na resize2fs kama mwezi Machi. Kwenye growpart nilikwama kidogo kwa kuandika sda3 (diski sda, patisheni ya 3) kwa pamoja, wakati amri hiyo hutaka jina la diski, nafasi tupu kati ya maneno, halafu namba ya patisheni peke yake.

Picha za mama mdogo zilianza kuingia kabla sijainuka kwenye kiti. Diski ya zamani na snapshoti yake bado sijazifuta. Zitakaa hadi picha za mavuno ya Agosti ziwe zimeingia zote.