Siku yangu maabara, makopo ya mkojo mwanzo mwisho

Saa 1 asubuhi nishawasha mashine, napitisha kontroli kwanza, yaani sampuli ambayo majibu yake tunayajua tayari, maana bila hiyo majibu ya siku nzima ni kubahatisha tu.

Saa 2 makopo yanaanza kuingia, leo kliniki ya kisukari. Napenda mkojo wa kwanza wa asubuhi, ukija umetoka kukimbia mazoezi au una homa au UTI protini inaweza kupanda ukaogopa bure.

Saa 4 mzee mmoja kaja dirishani, "Binti yangu, juzi mlichovya kile kijiti mkasema hakuna protini, hiki kingine cha nini?" Aisee swali zuri kuliko yote ya wiki hii. Nikamwambia mzee wangu, kijiti kinashtuka protini ikishakuwa nyingi, ila figo la mtu wa sukari linaweza kuvujisha albumini, ndo aina ya protini ya kwenye damu, kidogo kidogo miaka mingi kabla kijiti hakijabadilika rangi, na wala huumwi popote. Sisi hapa tunapima albumini tunailinganisha na kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, maana ukinywa maji mengi mkojo unakuwa mwepesi, albumini nayo inaonekana ndogo wakati ipo. Chini ya 30 mg kwa gramu moja ya kreatinini uko vizuri, 30 mpaka 300 chujio la figo limeanza kuachia, juu ya 300 hapo limeachia kwelikweli.

Saa 6 dada mmoja kapata 85, analia, anajiona yuko dayalisisi tayari. Dada, kipimo kimoja hakitoshi! Kinarudiwa, mpaka viwili kati ya vitatu vije juu ndani ya miezi 3 hadi 6, na damu ipimwe kuona figo zinachuja kwa kasi gani. Ikithibitika zipo dawa, zile za presha za jamii ya enalaprili na losatani zinapunguza kuvuja, daktari ndo anaamua.

Saa 8 nagombana na fomu. Imeandikwa "mkojo" basi, mkojo upi sasa?? Nikapiga simu kliniki, kumbe walitaka albumini, ningechovya kijiti tu mgonjwa angeenda nyumbani anajua yuko salama.

Saa 10 nafunga, mzee wangu huyo katoka kwa daktari, 22.

"Kwa hiyo tumemalizana?"

"Mwakani tena mzee, kila mwaka."

"Basi niwekee kopo langu, lile la leo mfuniko ulikuwa mgumu."