Nilivyojifunza kukata mpira kwenye pool

Kwa karibu miaka mitatu nilikuwa na tatizo moja kwenye pool. Mpira ukinyooka na shimo, nautumbukiza. Ukikaa pembeni, wa kukatwa, yaani wa kugongwa ubavuni ili uende kwa pembe, nakosa. Na sikuwa nakosa ovyo: karibu kila mara mpira uligonga ukingo kabla ya kufika shimoni, upande uleule, kwa sababu nilikuwa nimeupiga umejaa mno, yaani karibu mno na katikati yake.

Nilikuwa nacheza kwenye baa moja karibu na kazini, Morogoro. Pale anayefungwa ndiye anayetia sarafu ya mchezo unaofuata, na mshindi anabaki mezani, kwa hiyo kukosa kuna bei. Nilidhani mkono wangu unatetemeka. Nikabadilisha fimbo, nikajaribu kupiga kwa nguvu, nikajaribu kupiga taratibu. Mpira uliendelea kugonga ukingo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi seremala, huja jioni akimaliza kazi. Siku hiyo nilimwamkia, akaitikia, akaniangalia nikikosa mara mbili, akasema: "Kijana, unapolenga unatazama wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole ile nukta ya nyuma ya mpira, inayotazamana moja kwa moja na shimo. Nikamwambia hapo ndipo mipira inatakiwa igusane.

"Ni kweli inatakiwa igusane hapo," akasema. "Lakini ukielekeza fimbo hapo, haitagusana hapo."

Akanieleza kwa msumeno. Seremala akishachora mstari kwenye ubao, hapitishi msumeno juu ya mstari wenyewe, maana msumeno una unene wake na unakula mbao. Anaupitisha pembeni ya mstari, upande wa kipande cha kutupa. Mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo ili ugonge mingine, nao una unene. Ukipeleka kitovu chake kwenye ile nukta, ubavu wake unawahi kugusa mahali pengine, karibu zaidi na katikati ya mpira unaoulenga. Ndiyo maana mipira yangu yote ilikuwa inakatwa pungufu.

Kisha akauweka mpira wa njano shubiri mbili hivi kutoka shimo la kona, akachukua mwingine akaugandisha nyuma yake kabisa, kwenye mstari unaotoka katikati ya shimo. "Mweupe unatakiwa ufike ukae hapa." Akatia alama ndogo ya chaki chini ya ule mpira wa nyuma, akauondoa. Nikainama nyuma ya mweupe, nikalenga ile alama badala ya nukta. Mpira wa njano uliingia bila kugusa ukingo wowote. Nilirudia mara nne, ukaingia mara tatu.

Kwa mipira ya kawaida ya Kimarekani, yenye kipenyo cha milimita 57 na kidogo, kitovu cha huo mpira wa kivuli, yaani ule wa nyuma alioundoa mzee na ambao sasa unauwazia tu, kinakaa milimita 28 na nusu nje ya nukta ya kugusana. Ni upana wa vidole viwili tu, lakini kosa langu lote la miaka mitatu lilikuwa ndani yake.

Shida ya mpira wa kivuli ni kwamba ukiwa umesimama unauona vizuri kichwani, ukiinama unapotea. Hauna rangi wala ukingo wa kushikilia jicho. Nilihangaika nao kama mwezi mzima, mpaka nikapata kipimo ninachokitumia hadi leo. Nasimama nyuma ya mweupe, natazama mpira ninaotaka kuutumbukiza, napima kwa jicho umbali kutoka katikati yake hadi kwenye nukta ya kugusana. Halafu naurudia umbali huohuo mara ya pili kuelekea upande uleule. Pale ndipo fimbo inapolenga. Kama nukta iko robo ya mpira kutoka katikati, nalenga ukingo wa mpira kabisa. Nukta ikikaa mbali zaidi ya hapo, nalenga hewani, nje ya mpira, na hapa ndipo wengi tunaogopa. Jicho linakataa kulenga mahali pasipo na kitu, mkono unarudi kwenye mpira wenyewe dakika ya mwisho.

Kulenga ukingo kabisa ndilo pigo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu lina alama inayoonekana. Kitovu cha mweupe kikielekea kwenye ukingo wa mpira, unafunika nusu yake, na mpira unakatika kwa nyuzi 30. Hiyo ni pembe iliyopo kati ya namba 12 na namba 1 kwenye uso wa saa ya ukutani. Ukifunika robo tatu, unakatika kwa karibu nusu ya pembe hiyo. Ukifunika robo tu, unakatika kwa nyuzi karibu 49. Nikishajua nusu ilipo, mengine nayapima kutokea hapo: huu ni mnene kuliko nusu, yaani naufunika zaidi, au ni mwembamba, naufunika pungufu.

Hata hivyo mapigo ya taratibu yaliendelea kunisumbua. Nililenga sawa, mpira ukakatika pungufu. Mzee akagandisha mipira miwili ikielekea shimo la kona moja kwa moja, akaniambia niupige wa nyuma kwa mweupe, ubavuni, upande wa kulia. Nilitegemea wa mbele uende shimoni, maana mstari ulikuwa wazi. Ukaenda kushoto ya shimo. Mipira inapogusana inakwaruzana, na mweupe unauburuta mwenzake kidogo kuelekea unakokwenda wenyewe. Ukipiga taratibu unaburuta zaidi. Mipira ikiwa michafu, yenye chaki na jasho la mikono, unaburuta zaidi bado. Tangu siku ile natembea na kitambaa kikavu mfukoni na nafuta mipira kabla ya mchezo. Pigo la taratibu la nusu mpira nalikata jembamba kidogo kuliko jicho linavyotaka.

Jambo jingine niligundua mwenyewe. Nilipanga mipira mitatu kwa mstari, mweupe katikati, nikalaza fimbo juu yake. Fimbo ikayumba juu ya mweupe. Ulikuwa mkubwa kuliko mingine. Kwenye baadhi ya meza za sarafu mweupe huwa na ukubwa tofauti, ili meza iutambue ukitumbukia na kuurudisha. Ukiwa mkubwa, kitovu chake kinakaa mbali kidogo zaidi na nukta. Ukiwa mdogo, karibu zaidi. Sasa nikifika kwenye meza nisiyoijua, naanza na fimbo juu ya mipira mitatu.

Baada ya hapo nilianza kuandika kwenye daftari. Asubuhi za Jumamosi baa haina watu, meza inakuwa yangu. Mpira mahali pamoja, alama ya chaki kwenye kitambaa cha meza, mapigo 20 ya kukata kulia na 20 ya kukata kushoto. Wiki ya kwanza kulia niliingiza 13, kushoto 6. Wiki ya pili 14 na 6. Kama tatizo lingekuwa kulenga, pande zote mbili zingeumia. Nikamwomba rafiki yangu anipige video kwa simu, amesimama upande wa pili wa meza, nimeinama. Tukaiona wote wawili: fimbo haikuwa chini ya kidevu, ilikuwa imehamia chini ya jicho la kulia, na kichwa kimelala kidogo. Mstari niliouona nikiwa nimesimama haukuwa ule niliouona nikiwa nimeinama.

Kurekebisha kichwa kulichukua muda mrefu kuliko mambo mengine yote. Naamua mstari nikiwa nimesimama, mguu wa kulia naukanyaga juu ya mstari huo, halafu kichwa kinashuka kikiwa kimenyooka, fimbo chini ya kidevu. Nikishainama sibadilishi lengo. Nikihisi si penyewe, nanyanyuka na kuanza upya, hata kama wanaosubiri zamu wananung'unika.

Wiki iliyopita daftari linasomeka 16 kulia, 15 kushoto, kwa pigo la nusu mpira. Kwa robo mpira bado niko 9 na 8, na mpira ulioganda ukingoni sijaanza hata kuuandika. Jumamosi hii naanza na huo.